Sikio la Kulia la Mama

Ujumbe ule niliusambaza mimi. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu kwa muda mrefu, kila nilipolisimulia jambo hili, nilianzia kwenye uvimbe wa mama. Nikianzia huko naonekana mtoto mwema aliyemkimbiza mzazi wake hospitali. Ukweli haukuwa hivyo.

Ilikuwa mapumziko ya saa nne. Nilikuwa nimeketi katika ofisi ya walimu, shule ya msingi huku Mtopanga ninakofundisha sayansi, mkononi nina kikombe cha chai ambayo sikuimaliza. Mwalimu mwenzangu akanitumia ujumbe wa sauti. Mwanamume mwenye sauti nzito, aliyejiita mtaalamu pasi na kusema ni mtaalamu wa nini, alikuwa akionya kwamba mionzi ya simu inaupika ubongo polepole kama yai kwenye sufuria, na kwamba dalili ya kwanza ni uvimbe karibu na sikio. Niliusikiza nusu, kengele ikalia. Kabla sijainuka nikausambaza kwenye kundi la familia na chini yake nikaandika, "Tujihadharini." Kisha nikaenda kuwafundisha watoto wa gredi ya sita jinsi ya kupima jambo kabla ya kuliamini.

Mama alikuwa kwenye kundi lile. Hakupenda kusoma maandishi, macho yalikuwa yameanza kumsumbua, lakini ujumbe wa sauti aliupenda. Aliishi peke yake Mtongwe, ng'ambo ya feri, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, yenye shamba dogo la mihogo kwa nyuma. Sisi kwake tulikuwa wawili tu: mimi, na dadangu mdogo ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili Uarabuni, akifanya kazi ya nyumba.

Dadangu alimpigia mama kila siku baada ya adhuhuri, matajiri wake walipokwenda kulala. Mama alikuwa akiusubiri wakati huo kama mtu asubiriye kufungua saumu. Simu ikilia tu, anaichukua na kuingia nayo stoo, chumba kidogo kisicho na dirisha tulimokuwa tukiweka majembe na magunia. Mle ndani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mama alikuwa akiigandamiza simu kwenye sikio la kulia kwa nguvu, hata akitoka shavu limefanya alama, na simu yenyewe imepata moto. Mara nyingine walizungumza saa nzima.

Siku moja nilimwuliza, "Mama, kwa nini usikae hapa barazani? Hapa mtandao ni mzuri."

"Huko ndani kuna utulivu," akanijibu.

Nikaridhika na jibu hilo. Mtu ukiwa na shughuli zako huridhika upesi.

Wiki tatu hivi baada ya ule ujumbe, dadangu akanipigia mimi. Halikuwa jambo la kawaida. Mimi na yeye tulikuwa tukitumiana salamu na picha tu.

"Kaka, mama hashiki simu. Leo siku ya nne."

Nilimpigia mama nikakuta simu imezimwa. Nikampigia jirani yake, mama mmoja anayekaanga mahamri, akaniambia amemwona asubuhi hiyo akienda shambani, hajambo, ila amejifunga leso usoni. Jumamosi nikavuka feri.

Nilimkuta barazani akimenya mihogo. Leso ilikuwa imezunguka kidevu na kufungwa juu ya kichwa, kama mtu aumwaye na jino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mbona hukusema waja?"

"Nitasemaje na simu yako imezimwa? Iko wapi?"

"Iko mkebeni."

Alinionyesha kwa kisu. Juu ya kabati la jikoni kulikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani yake simu aliyoletewa na dadangu, imefungwa kwa kitambaa mara mbili, kama kitu chenye najisi. Nikarudi barazani nikamwomba afungue leso. Chini ya sikio la kulia, pale taya linapopinda, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu changa.

"Umeanza lini?"

"Kitambo kidogo. Huja na kupungua. Ni simu, mwanangu. Si wewe mwenyewe uliyesema?"

"Mimi?"

"Kwenye ule ujumbe wako. Alisema uvimbe karibu na sikio. Na mimi nilipousikia nilikuwa nishaanza kuvimba, na wiki hii ukazidi, nikaizima."

"Mama, yule si mimi. Ni mtu tu, simjui."

"Lakini ulitumwa nawe. Wewe ni mwalimu wa sayansi. Utanitumia uwongo?"

Nilishika kisu cha pili nikaanza kumenya naye, ili mikono yangu ipate kazi. Baada ya muda nikamwuliza kama amemweleza dadangu.

"Nimweleze nini?" akasema. "Kuwa sauti yake ndiyo iliyonitia maradhi? Yuko peke yake kule. Akijua hivyo atalala?"

Hapo ndipo nilipojua uzito wa nilichokifanya. Mama aliogopa maradhi, naam, lakini zaidi aliogopa mwanawe asije akajiona ndiye aliyemuua. Kwa hivyo akaona bora anyamaze.

Na lazima niseme kwamba mimi pia niliogopa. Ningependa kuandika kwamba elimu yangu ilinisimamisha imara, lakini nilipourudia uso wa mama akilini, akili yote ilinitoka. Nikirudi feri jioni ile nilimwona mchuuzi ametandaza vibandiko vya rangi ya dhahabu, vidogo kama kucha ya dole gumba. Alisema vinafyonza mionzi yote, bandika tu nyuma ya simu. Nikanunua viwili. Mimi, ambaye ningemwuliza mwanafunzi wangu, "Vinafyonzaje? Na simu itapataje mtandao ikiwa mawimbi yote yamefyonzwa?" Kimoja nikakibandika kwenye simu yangu papo hapo, cha pili nikamwekea mama.

Dadangu nilimdanganya. Nilimwambia kwamba mama hajambo, ana uvimbe kidogo, nitampeleka hospitali, na mtandao wa Mtongwe umeharibika.

"Nitazungumza naye lini?" akaniuliza.

"Inshallah karibuni."

"Sawa, kaka," akasema, akakata. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Niliisikia vyema, wala sikujiuliza.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikampeleka mama hospitali. Foleni ilikuwa ndefu. Tukiwa kwenye benchi, mama akiwa amesinzia begani mwangu, nilitoa simu, nikaweka waya za masikioni na kuusikiza ule ujumbe mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Baada ya yai na ubongo na uvimbe, yule mwanamume alibadilisha sauti. Akawa mchangamfu. Akasema kwamba kinga ipo, ni kibandiko cha dhahabu, na akataja namba ya kupiga. Nilikigeuza kile cha kwangu nyuma ya simu nikakitazama. Nikaanza kukibandua kwa ukucha, kikawa hakitaki kutoka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, kwa lafudhi mtu wa bara, mpole. Alimwamkia mama kwanza, akamsaidia kufungua leso, akabonyeza chini ya sikio kwa vidole viwili.

"Mama, huu uvimbe huwa mkubwa wakati gani?"

Mama akafikiri. "Nikila. Nikila kitu kikali hasa. Achari ndiyo huniua kabisa."

"Na ukimaliza kula?"

"Hupungua polepole."

Daktari akafungua droo, akatoa kipande cha ndimu, akampa mama akinyonye. Dakika chache tu, na mbele ya macho yangu ule uvimbe ukajaa, ukawa mgumu, mama akashika shavu.

"Nadhani najua," daktari akasema. "Lakini twende tukatazame."

Walimpima kwa ile mashine ya kupakwa mafuta baridi, ile watazamiwayo waja wazito. Mama aliona haya, akacheka, akasema umri wake umepita. Kwenye kioo daktari akatuonyesha nukta nyeupe.

"Hiki ni kijiwe. Mate yana mfereji wake, kama bomba la maji. Kijiwe kimeziba mfereji. Ukila, mate yanataka kutoka, hayana njia, yanajaa. Kiko karibu na mlango. Nyonya ndimu, kunywa maji mengi, kanda kwa kitambaa cha moto. Nitakupa na dawa. Kisipotoka, tutakitoa."

Mama hakuonekana kufurahi. Alimtazama daktari kama mtu aliyepewa chenji isiyokamilika.

"Na simu?"

"Simu imefanya nini, mama?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza habari za ujumbe, mkebe, na chumba cha stoo. Niliruka mahali pa mimi kuusambaza, lakini mama akapajaza. "Aliutuma yeye," akasema, na daktari akanitazama, asicheke. Kwa hilo namshukuru hadi leo.

Akavuta kiti karibu na mama. "Simu haileti vijiwe. Hilo nina hakika nalo. Sasa habari ya mionzi. Simu inatoa mawimbi, kama yale ya redio. Si kama eksirei. Eksirei ina nguvu ya kudhuru chembe za mwili, ndiyo maana tunaitumia kwa uangalifu. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Linalojulikana ni kwamba yanaweza kupasha mwili joto kidogo, na simu huwekewa kiwango isichoruhusiwa kukivuka kabla ya kuuzwa."

"Kwa hivyo hayana madhara?"

Daktari alisita. Napenda kwamba alisita. "Watu wamechunguza miaka mingi, mama. Hawajapata uthibitisho kwamba yanaleta saratani. Lakini hawajaacha kuchunguza, kwa sababu watu wanatumia simu maisha yao yote sasa. Siwezi kukuapia juu ya jambo ambalo bado linatazamwa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba, ukitaka kupunguza, njia ni rahisi na hainunuliwi. Iweke simu mbali na kichwa. Weka spika, au waya za masikioni. Hata hatua moja ya mbali inapunguza sana. Na usizungumzie mahali penye mtandao dhaifu, kwa sababu pale simu inajikaza kutafuta mnara, na ndipo inapotoa mawimbi zaidi."

"Kama stooni," mama akasema polepole.

"Kama stooni."

Nikatoa simu yangu nikamwonyesha kile kibandiko. "Na hiki?"

Akakigusa. "Kama hakifanyi kitu, umepoteza pesa. Kama kinaziba kweli, basi simu itajikaza zaidi kupita. Kitoe."

Kijiwe kilitoka siku ya tano. Mama alikuwa akila wali kwa achari ya embe, akasikia kitu kama chenga ya mchele ndani ya shavu, akakitema kiganjani. Alikikausha akanitunzia. Nilipovuka Jumamosi ile alikuwa hana leso, na shavu limerudi kuwa lake.

"Tumpigie," nikamwambia. "Saa zake zimefika."

Alikwenda mwenyewe kuutoa mkebe. Alifungua kile kitambaa mara mbili, akawasha simu, na kwa mazoea akaanza kuelekea stoo. Nikamwita, "Mama, daktari alisemaje?" Akasimama pale mlangoni. Nilimwona akisita na sikuelewa anasitia nini. Kisha akarudi, akaketi kwenye mkeka, akaiweka simu mbele yake. Mimi nikamwekea spika.

Simu ililia mara moja tu.

"Mama! Mama, ni wewe? Wallahi nilidhani umekufa na wananificha."

"Niko mwanangu, niko. Alhamdulillahi nimepona." Mama alikuwa akilia na kucheka.

"Nisikize upesi kabla hawajaamka," dadangu akasema, na sauti ikashuka, ikawa ile sauti ya chini niliyoisikia siku ile. "Tajiri amenirudishia chakula cha usiku, usiwe na wasiwasi tena. Lakini pasi yangu ya kusafiria bado amekataa kunipa, na ameniambia mkataba ukiisha hataniacha. Usimwambie kaka, mama. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa wakala. Atajilaumu."

Mama alinyoosha mkono kuichukua simu, akabonyeza hapa na pale, lakini hakujua spika inazimiwa wapi. Sauti ikaendelea kutoka, wazi, pale barazani. Dadangu alikuwa akieleza jinsi wiki zile mbili na siku kadhaa alivyokuwa akijifungia chumba cha kufulia wakati uleule wa kila siku, akaiweka simu sikioni na kuzungumza ingawa hapakuwa na mtu upande wa pili.

"Nimesikia, mdogo wangu," nikasema.

Nilidhani amekata.

"Kaka?"

"Ni mimi. Mama hana kosa. Simu iko kwenye spika."

Alianza kulia, na mimi nikawa narudia tu, "Nyamaza, nimesikia, nyamaza." Mama alikuwa amefunika uso kwa ukaya. Ndipo nikafahamu kwa nini chumba cha stoo. Mama alikwenda mle ili mimi, jirani, na yeyote mwingine tusije tukasikia. Mwaka mzima alikuwa akiigandamiza simu kwenye sikio lake ili siri ya mwanawe isivuje hata kidogo, na siri yenyewe ilikuwa kunilinda mimi nisijute.

Na kweli nilikuwa nimempeleka mimi kwa wakala wa kazi za Uarabuni. Nilikuwa nimezisoma karatasi zile juujuu, nikamwambia ziko sawa.

Kilichofuata hakikuwa na ushujaa. Kilikuwa ni kwenda na kurudi. Nilikwenda kwa yule wakala mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alianza kuniuliza hali za nyumbani. Nilikwenda ofisi za serikali, nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa niandike nyingine. Safari hii kila karatasi niliisoma hadi nukta ya mwisho. Dadangu naye, baada ya kujua kwamba hana tena la kumficha mtu, alipata ujasiri wa kupiga picha mkataba wake na kunitumia ukurasa mmoja mmoja. Ilichukua miezi mitano. Siku aliyotua, mama alivaa buibui jipya na kuketi uwanja wa ndege tangu asubuhi, hali ndege ilikuwa ya alasiri.

Kwenye kundi la familia niliandika ujumbe mrefu kwa mkono wangu, nikaeleza kwamba ule niliousambaza haukuwa wa kweli, kwamba mama alikuwa na kijiwe, na nikaandika maneno ya daktari, aliyoyajua na asiyoyajua. Shangazi mmoja alijibu kwa picha ya waridi. Wengine hawakujibu kitu. Uwongo uliwafikia wote siku moja. Masahihisho sijui yalimfikia nani.

Darasani nimebadilika kidogo. Tukifika kwenye mawimbi, watoto huuliza bila kukosa, "Mwalimu, simu inaleta saratani?" Zamani ningejibu ndiyo au la, kulingana na nilivyoamka. Sasa huwaambia lipi linajulikana na lipi bado linachunguzwa, na huwaambia kwamba simu si ya kuwekwa chini ya mto, na mazungumzo marefu yafanywe kwa spika. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, kwa hivyo hujui?" Nikamjibu, "Kiasi hicho ndicho nikijuacho." Hakuridhika. Nikaona hiyo ni dalili njema.

Dadangu anakaa nami siku hizi, na amepata kazi ya kupika katika shule moja Utange. Wiki za mwanzo alikuwa akinong'ona. Tukiwa mezani, mchana, milango wazi, anaomba chumvi kwa sauti ya mtu anayejificha, na ukimjibu kwa sauti ya kawaida anashtuka. Mke wangu alisema tusimwambie lolote, sauti itarudi yenyewe. Dadangu nilimwomba radhi kwa habari ya wakala. Akaniambia aliridhia mwenyewe, na kwamba lililomuumiza zaidi ni zile wiki mbili za kimya. Nikamwomba radhi kwa hizo pia. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Haya," akaendelea kupepeta mchele.

Siku moja mwezi uliopita nilikuwa nikitoka shule, nikasikia kelele sokoni kwetu. Mwanamke alikuwa akimkemea muuza nyanya, kwamba juu ameweka nzuri na chini ameficha zilizooza, na kwamba yeye si mgeni wa kuchezewa. Watu walikuwa wamegeuka kutazama. Nilisogea nikaona ni dadangu, kikapu mkononi, sauti imejaa kifua, inafika hadi ng'ambo ya barabara. Muuza nyanya alikuwa tayari anambadilishia. Sikumwita. Nilisimama kando ya kibanda cha mkaa nikamsikiza mpaka alipomaliza.